Kurasa za Pampu

Septemba 22

Mvua tangu alfajiri na unga umegoma kuumuka. Nimeketi karibu na tanuri kuungoja, na kwa kuwa mikono haina kazi, naandika.

Imebaki miezi mitatu na kidogo zamu yangu iishe. Hapa Yalubí kila mtu mzima hutumikia kijiji mwaka mzima bila malipo, kwa kazi atakayopewa na mkutano, awe anaijua au haijui. Mwaka jana watu walinyoosha mikono wakanipa mimi, mwoka mikate, kamati ya maji. Januari mosi nikakabidhiwa fimbo yenye utepe na bunda la funguo. Aliyenitangulia ni mtu mwema, lakini kesho yake alipanda basi kwenda kaskazini kuchuma nyanya, na namna ya kuwasha pampu akaondoka nayo kichwani. Kijiji kikakaa bila maji karibu nusu ya mwezi, nami nikiokoteza maelezo kwa huyu na yule mpaka pampu ikawaka. Nililia mbele za watu. Zenaida, mwenye mashine ya kusaga mahindi, akaniambia foleni nzima ikisikia: "We mama mikate, kama pampu imekushinda, rudi kwenye tanuri lako." Sijalisahau neno hilo hata siku moja.

Ndiyo maana nimeapa kwamba atakayepokea fimbo Januari hii atakuta kila kitu kimeandikwa, na ataiwasha pampu bila kumbembeleza mtu. Karatasi zilishajaribiwa na watu wa zamani. Hapa karatasi huliwa na ukungu kabla ya Pasaka.

Septemba 25

Taurino amekuja na jibu. Taurino ni fundi seremala, na ndiye anayetunza antena zetu na ile kompyuta kuukuu iliyoko chumba cha nyuma cha ofisi ya kijiji. Nilimsimamia binti yake ubatizo, kwa hiyo tunaitana mzazi mwenzangu. Jibu lake ni wiki, si ile ya siku saba: kurasa zinazokaa ndani ya kompyuta ile, na kila mwanakijiji anaweza kuzisoma kwa simu yake, kuandika ukurasa mpya, au kurekebisha ulioandikwa na mwenzake. Tutaiweka kwetu wenyewe, kwa sababu intaneti ya nje mvua ikianza haieleweki, lakini antena zetu simu zinaziona siku zote.

"Hizo programu za wiki ziko ngapi?" nikamuuliza.

"Nyingi kuliko aina za mikate yako."

"Na ni za bure kweli, au bure ya kuonjeshwa?"

"Bure, tena huru. Unaichukua, unaiweka kwako, ukitaka unaifungua matumbo ukaibadilisha. Hakuna atakayekuuliza."

"Basi chukua mojawapo tukamalize mambo."

"Mzazi mwenzangu! Hata mume hachaguliwi hivyo."

"Mkeo alikuchagua hivyohivyo."

Amecheka mpaka akapaliwa na kahawa. Tumekubaliana ajaribu tatu.

Septemba 29

Majina ya zile tatu hayashikiki ulimini, kwa hiyo tumeyabatiza upya. Ya kwanza ni Trekta, ndugu wa ile inayobeba kamusi elezo kubwa za dunia. Ina nguvu lakini inakula nguvu za kompyuta. Ya pili ni Kabati, yenye rafu na vitabu na sura, nzuri machoni. Ya tatu ni Baiskeli. Haina urembo wowote, kila ukurasa ni faili dogo la maandishi, basi. Taurino macho yake yote yako kwa Trekta, na mimi namjua, hata msumeno hununua mkubwa kuliko mbao alizonazo.

Bi Hermelinda, mweka hazina wa kamati yetu, alikaa akisuka utepe mwanzo hadi mwisho. Mwishowe akauliza swali moja tu.

"Nikiandika neno langu humo, nani anaweza kulifuta?"

"Yeyote," akasema Taurino. "Ndiyo uzuri wake, Bi."

"Uzuri kwa nani?"

Akakunja shali yake akaondoka. Mama huyu ana kipaji cha kukwamisha mambo. Mwaka mzima nimefanya naye kazi na bado sijamwona akisema ndiyo akiulizwa mara ya kwanza.

Oktoba 3

Tumewasha Trekta. Kompyuta inapumua kama mzee kwenye mlima.

Oktoba 8

Watu wanaandika! Sikutegemea. Wanakuja ofisini baada ya shamba, wengine wanaandika kwa simu wakiwa jikoni kwao. Ila kila ukurasa unaanza hivi: "Wakuu wa kijiji, wanakamati, na ninyi nyote mtakaosoma, shikamooni, poleni na mvua." Hata ukurasa wa kusafisha chujio la tangi, wenye mistari mitatu, una salamu ya mistari minne. Taurino anataka kuziondoa. Nilimwambia ajaribu kuingia nyumba ya mtu hapa bila kubisha hodi aone.

Mimi nimeandika wa pampu. Ule wa mkate wa wafu, tunaooka kwa Siku ya Wafu mwezi Novemba, nimeuweka kwenye Baiskeli, kwa kujaribu tu.

Oktoba 10

Mvua. Mikate mia mbili ya harusi. Nimechoka.

Oktoba 14

Leo nitaandika kirefu kwa sababu nikinyamaza nitapasuka.

Radi ilipiga saa za mchana, tukiwa tunakula. Mlio mmoja tu, mbwa wakaingia chini ya meza, na harufu ya kuungua ikatoka upande wa ofisi. Nilipofika Taurino alikuwa tayari amepiga magoti mbele ya kompyuta, kofia mkononi, utadhani yuko msibani. Kompyuta imekufa, na kila kilichokuwa ndani kimekwenda nayo.

"Si una nakala?" nikasema. "Kila jioni nakuona na flashi yako."

"Ninayo." Akaitoa mfukoni akaibusu. "Niliapa sitarudia kosa la kompyuta ya kwanza, iliyokufa bila nakala."

Tukakimbia shuleni. Mwalimu mkuu akatuazima kompyuta ya maktaba, kuukuu kuliko ile yetu. Taurino akachomeka flashi. Folda ya Trekta ilikuwepo, picha zilikuwepo, mpaka nembo ya kijiji ilikuwepo. Maneno hayakuwepo. Hata moja.

Akanieleza kwa sauti ndogo, macho kwenye kioo. Trekta huweka maneno mahali pengine, kwenye hifadhidata, na yeye alikuwa akinakili folda ya programu peke yake. Jioni zote hizo alikuwa akihifadhi sanduku, nguo ziko nje.

"Trekta haina kosa," akasema. "Ni mimi."

Nilikasirika. Siwezi kusema sikukasirika. Ukurasa wa pampu, wa chujio, wa bomba la shule, wa chemchemi ya juu, zote watu waliziandika kwa vidole vilivyotoka kulima. Nikamwambia maneno ambayo mzazi mwenzio humwambii. Yeye alikuwa anafungua folda nyingine pole pole, kama anayetafuta kitu cha kushika tu. Ghafla nikaona maneno yangu mwenyewe: "Chukua unga wa ngano, mayai, anisi, na siagi isiyo na chumvi."

Mkate wa wafu! Folda ya Baiskeli aliinakili vilevile, na kwenye Baiskeli kila ukurasa ni faili la maandishi lisilohitaji mlinzi. Lilifunguka hapo shuleni bila kuweka programu yoyote. Tukaliweka kwenye simu yangu, likafunguka hata huko. Taurino alilisoma lote mpaka mwisho, halafu akasema, "Siagi isiyo na chumvi, kumbe," na tukaanza kucheka kama wendawazimu, mwalimu mkuu akitutazama.

Basi tumechagua. Tumeachana na Trekta, na Kabati nayo inataka hifadhidata, tumeisalimia tukapita. Tutapanda Baiskeli. Kompyuta ya maktaba inaitosha, nakala yake ni kunakili folda tu, na hata mashine yote ikifa mtu atasoma maneno yetu kwa kifaa chochote.

Nimempelekea Taurino mikate miwili mitamu. Amepokea.

Oktoba 20

Watu wamekubali kuandika upya. Wamenung'unika, lakini wameandika. Salamu zimerefuka, sasa wanampa pole na Taurino pia.

Novemba 1

Wafu wanakuja kesho. Tanuri halijazimwa tangu juzi. Sina mkono wa kuandika.

Novemba 9

Mkutano mkuu, tangu asubuhi hadi jua linatua. Wamemtaja atakayepokea kamati ya maji. Ni Zenaida!

Mikono ilinyooshwa yote. Yeye alikuwa amesimama nyuma na unga wa mahindi kwenye nyusi, akasema tu, "Sawa, mmeamua." Kisha macho yake yakanitafuta mimi. Nikajifanya nafunga kiatu.

Nitasema kweli: nilipokuwa narudi nyumbani niliimba.

Novemba 12

Wimbo umeisha. Nimewaza siku tatu na nimeona kwamba pampu ikizima mikononi mwa Zenaida, wasiokunywa maji ni watoto walewale. Na atakayelia mbele za watu atakuwa mwanamke mwingine. Nataka aiwashe. Nataka aiwashe siku ya kwanza, huku mimi natazama, asiwe na sababu ya kuniuliza chochote.

Novemba 16

Nimekaa kusoma kurasa zote, kama atakavyosoma Zenaida. Kumbe kuna kurasa nne za pampu. "Pampu, ninavyoijua mimi Eloína." "Pampu, kwa neno la Bi Hermelinda." "Pampu, nyongeza ya Taurino, kwa heshima zote." "Pampu, asemavyo Crisóforo aliyeitunza zamani." Wangu unasema jaza maji ndipo uwashe. Wa Crisóforo unasema washa ukiwa unajaza. Wa Taurino unasema mimi nimesahau kutoa hewa, ila amelisema hilo baada ya kunisifu aya nzima.

Nikamwendea kwenye karakana yake.

"Uliona nimekosea. Kwa nini hukurekebisha ukurasa wangu?"

"Nikufute wewe?" Randa ikamtoka mkononi. "Binti yangu amebatizwa mikononi mwako!"

"Wiki ni ya kufutana, si wewe uliyenifundisha?"

"Niliwafundisha watu. Sikusema mimi."

Hivi ndivyo tulivyo. Tumepata kitu ambacho kila mtu anaweza kurekebisha, na kijiji kizima hakuna atakayethubutu kumgusa mwenzake.

Novemba 18

Nimekwenda kwa Bi Hermelinda nikiwa nimejiandaa kugombana. Amenipa uji wa mahindi.

"Mkutanoni mtu akikosea humwambii nyamaza," akasema. "Unasimama, unasema kwa idhini ya aliyetangulia naongeza neno. Mwenyewe anasikia, anajirekebisha, hakuna aliyeaibika."

"Bi, mtu wa Januari pampu imezima atasikiliza maneno manne?"

Alizungusha bakuli lake.

"Marehemu mume wangu alisimama mkutanoni akaonyesha mpaka wa msitu unapita wapi. Mwaka uliofuata neno lake halikuwemo kwenye maandishi ya kijiji. Mtu alilifuta. Mpaka leo sijui nani. Alikufa akiitwa mwongo, mwanangu."

Mwaka mzima nimemwita mkwamishaji, kichwani mwangu na kwenye daftari hili. Niliona haya. Nikatoa simu, nikafungua ukurasa wa chujio, nikafuta neno moja mbele yake, kisha nikamwonyesha kurasa za zamani. Baiskeli haitupi kitu. Neno lililofutwa lipo, na jina la aliyelifuta lipo, na siku.

Akasogeza simu karibu na macho. "Kwa hiyo halifi."

"Halifi. Linakaa chini."

"Na jina la mfutaji halifichiki?"

"Halifichiki."

"Mngenionyesha hili Septemba," akasema, "nisingewasumbua." Kisha akatoa sharti lake: chini ya kila ukurasa yaandikwe majina ya wote waliochangia neno, hata kama neno lenyewe limeondoka. Nimekubali papo hapo. Ni sharti zuri kuliko yote tuliyoyafikiria mimi na Taurino.

Novemba 24

Nimeunganisha kurasa nne za pampu kuwa mmoja. Crisóforo, Taurino na Bi Hermelinda nimewasomea kila mstari, wameitikia. Salamu moja juu, majina manne chini. Umependeza.

Desemba 2

Baridi imeanza, mvua imekatika. Kazi imebaki ileile. Wanasoma, wanasifu, halafu wanakuja dukani kununua mkate na kuninong'oneza: "Eloína, kwenye ukurasa wa bomba la shule kuna kosa dogo, ila usiseme ni mimi." Nami narekebisha. Kila kosa linapitia kwenye kaunta yangu. Nikiacha zamu, Baiskeli itapata nani wa kuikanyaga?

Desemba 11

Vivyo hivyo. Leo wamenong'ona watatu.

Desemba 19

Nimemkabili Zenaida mashineni, kwa mara ya kwanza tangu Januari. Nikamwambia kurasa ziko wapi na neno lake la siri ni lipi.

"Nitasoma," akasema bila kuzima mashine.

"Ukiona kosa, rekebisha."

"Kwani kuna makosa?"

"Hakuna," nikasema. Ulimi wangu huu.

Desemba 27

Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, wa kusafisha kwa ajili ya sikukuu. Tumefagia tangi, tumekata nyasi, na kwa kuwa geti la kanisa lilibakiza rangi ya kijani, nikapaka nyumba yote ya pampu ndani na nje, mabomba, valvu, mlango, mpaka ndoano ya kofia. Taurino aliniambia inatosha. Sikusikia. Inang'aa kama parachichi, nimetoka nimeshiba raha.

Desemba 30

Mkutano umeikubali wiki iwe mali ya kijiji. Bi Hermelinda ndiye aliyesimama kuitetea. Alisema ndiyo mara ya kwanza.

Januari 1

Nimekabidhi fimbo. Mkono umekuwa mwepesi ghafla, sikujua pa kuuweka.

Bendi za vijiji jirani zilikuwa zimeshafika, ua wa ofisi umejaa, masufuria ya mchuzi wa manjano yako motoni, umeme ukakatika. Ukarudi baada ya kitambo, lakini pampu hairudi yenyewe. Wapishi wakafungua bomba likakohoa. Kijiji kizima kikageuka kumtazama Zenaida, ambaye fimbo alikuwa ameishika kwa muda usiotosha hata kuivisha jasho.

Akatoa simu, akapanda njia ya pampu. Watu tukafuata. Mimi nilikuwa nimebeba sinia ya mikate, nikaisahau mikononi. Kwetu aliyekabidhi hagusi tena, wala hasemi asipoulizwa, maana kusema ni kumwambia mwenzako mbele za watu kwamba hawezi.

Alisoma kwa sauti kutoka mlangoni. Akazima swichi kuu. Akajaza maji tundu la juu. Akatoa hewa. Kila kitu kilikwenda, moyo wangu ukaanza kutulia. Kisha akasoma: "Funga valvu nyekundu kabla ya kuwasha." Akanyanyua macho.

Valvu ziko tatu, na zote zilikuwa za kijani. Kijani yangu!

"Nyekundu iko wapi?" alisema, akiuliza ukuta.

Nilifungua mdomo. Bi Hermelinda akanishika kiwiko, kwa nguvu nisizojua anazo, akaninong'oneza, "Umekabidhi. Mwache." Nikaona vizuri kabisa itakavyokuwa: bendi, wageni, mchuzi ukiungua, na mwanamke mwingine analia pale nilipolia mimi, safari hii kwa kosa langu.

Zenaida hakulia. Alichukua ufunguo kwenye bunda, akakwangua valvu ya kwanza. Chini ya kijani kulikuwa na chuma tupu. Akakwangua ya pili, chuma. Akaenda ya tatu, ile iliyo karibu na ukuta, akakwangua, na chini yake ikatokea nyekundu.

"Limekaa chini," akasema Bi Hermelinda sikioni mwangu.

Zenaida akaifunga, akawasha, akatazama sindano ya kipimo cha presha mpaka ikatulia, akaifungua pole pole. Bomba likavuma. Huko chini mtu akapiga kelele kwamba maji yametoka, na bendi moja ikaanza kupiga bila kungoja nyingine.

Akatoka nje, mikono imelowa mpaka viwikoni.

"We mama mikate! Nani kapaka haya marangi?"

"Mimi."

"Nilijua." Akachukua mkate kwenye sinia, akauuma, akafuta kidole kimoja kwenye aproni, akaanza kuandika kwenye simu, palepale, amesimama. Alipomaliza akashuka kwenda kula.

Nikafungua ya kwangu. Neno langu halikuwepo. Mahali pake palikuwa na hili: "Funga valvu iliyo karibu na ukuta. Usiangalie rangi, Eloína akipata kopo hana breki." Bila salamu, bila idhini ya aliyetangulia, na jina lake chini.

Nililia tena mbele za watu, na safari hii walidhani ni kwa ajili ya fimbo.

Januari 6

Mikate ya sikukuu ya Wafalme Watatu imekwisha yote kabla ya saa nne. Hakuna aliyeninong'oneza kitu kwenye kaunta.

Nimefungua ukurasa wa pampu. Crisóforo amefuta mstari wa Taurino. Taurino amenifuta mimi mara mbili, mzazi mwenzangu huyo, kisha akanitumia ujumbe kuomba radhi. Bi Hermelinda amesahihisha jina la chemchemi. Kati ya yote niliyoandika imebaki sentensi moja, ile ya juu kabisa, inayosema shikamooni nyote mtakaosoma, poleni na kazi. Unga umeumuka, naenda kukanda.